Waliofia Mbali, Nambari ya Nne

Marereni, Kenya
12 Januari 2025

Kwa Katibu wa Kamati ya Kitabu cha Paworo, shemeji yangu Winfred,

Salamu. Mimi ni Rasto Ofwono, kaka ya mume wako. Naandika kutoka pwani, mbele ya Malindi, kwenye mabwawa ya chumvi. Nimefanya kazi huku miaka kumi na moja. Dereva mmoja wa Busia anayeitwa Kevo, anayekuja kupakia chumvi ya kupeleka Uganda, alinipa karatasi yenu. Inasema kanisa linatimiza miaka sabini na tano na kijiji kinaandika historia yake, kwa Kiswahili ili Mjopadhola, Mteso na Msamia wote waisome. Tena inasema sisi tulio mbali tuandike tunayoyakumbuka, tusipige simu, kwa sababu sauti haifungwi kwenye faili. Nilipoona jina lako chini yake nilifurahi. Wewe ulisoma mpaka ualimu. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nyoosha palipopinda.

Kabla ya historia kuna neno moja. Pole sana kwa kifo cha ndugu yangu Osire. Najua nimechelewa miaka saba. Sikuwa na uso wa kuandika. Niliondoka nyumbani baada ya kuuza baiskeli ya baba bila kumwambia Mama, na kila mwaka nilisema nitarudi na nyingine. Chumvi haikunipa nafasi. Inapasua visigino, inakula viatu, inakula simu. Simu yangu ya kwanza iliangukia bwawani mwezi wa pili. Ya pili nilinunua baadaye sana, na wakati huo sikuwa na namba ya mtu yeyote, na aibu ilikuwa imekuwa kubwa kuliko hamu. Nasema ukweli kwa sababu nimechoka kusema mengine.

Sasa historia.

Baiskeli ya kwanza Paworo ilikuwa ya baba. Watu husema aliinunua. Hakununua. Alikuwa akifagia duka la Mhindi mmoja mjini Tororo, na Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, yule tajiri wake alimwachia baiskeli mlangoni akaenda. Baba alikaa nayo ndani wiki tatu akiogopa kuitoa. Baadaye ndiye aliyewafundisha vijana wa kwetu kwenda Busia kubeba watu kutoka lango la Uganda mpaka lango la Kenya, wakiita, boda, boda. Alibeba makarani walioogopa kuchafua viatu na akina mama wenye kuku. Aliniambia mteja mgumu kuliko wote ni padri mnene anayeomba njia nzima.

Kisima cha bondeni kilichimbwa na wanawake, mkiandika mwandike hivyo. Wanaume walikuwa bado wanabishana kitakuwa kwenye ardhi ya ukoo gani, na walipomaliza kubishana maji yalikuwa yameshatoka.

Na kengele ya kanisa si zawadi ya askofu. Ni rimu ya lori la kahawa ya magendo lililopinduka kwenye kona. Baba na mzee Ebong waliivingirisha mpaka kanisani wakati polisi wakihangaika na magunia.

Msalimie Mama. Mwambie nitakuja Desemba, na safari hii ni kweli. Kama kwenye kitabu kuna orodha ya watoto wa kila boma, mniandike na mimi.

Shemeji yako,
Rasto Ofwono


Paworo, Kiyeyi
3 Februari 2025

Wewe unayejiita Rasto Ofwono,

Barua yako niliipokea Busia, dukani kwa Annet, anakotupokelea barua za kitabu. Niliifungua pale pale. Nilipofika kwenye jina nilishika meza yake ya chaja na simu, na Annet akauliza kama nimepandwa na presha.

Rasto Ofwono tulimzika tarehe 21 Aprili 2018. Mimi mwenyewe nilipika kwenye matanga. Mwili haukuwepo, kwa hiyo tulifanya kama inavyofanywa kwetu kwa mtu aliyefia mbali. Tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mguu wa mtu, lilivishwa shati lake la buluu likalazwa kaburini. Mchungaji alikwenda kunywa chai mpaka jambo hilo likaisha, kisha akarudi kuomba. Mama yake alinyoa nywele. Mambo hayo yalionwa na watu zaidi ya mia mbili.

Halafu unanipa pole kwa kifo cha Osire. Osire ni mzima. Ninavyoandika hivi yuko uani anaziba pancha ya pikipiki ya jirani, anaimba, na anaimba vibaya. Mtu anayetumia jina la maiti kunitangazia kwamba mume wangu amekufa anataka nini nyumbani kwangu? Nimekaa na barua yako siku nne ndani ya Biblia, kisha nikaona si mahali pake, nikaihamishia kwenye debe la unga. Sijamwonyesha mtu.

Usifikiri kisima na baiskeli vinanitosha. Hayo yamesomwa mbele ya kanisa zima tukikusanya habari, na mtu yeyote mwenye masikio ameyasikia. Kuhusu kengele, ilitolewa na askofu. Kamati imekubaliana, na mzee Ebong ndiye mwenyekiti.

Kitabu kina ukurasa unaoitwa Waliofia Mbali. Majina ni kumi na moja. Rasto Ofwono ni nambari ya nne. Niliuandika ukurasa huo kwa mkono wangu, na habari ya kifo chake tuliipata kwa njia isiyo na shaka.

Kama wewe ni yeye, niambie jambo moja ambalo katika dunia hii analijua yeye na mimi tu. Kama huna, acha kuniandikia.

Winfred Atai, Katibu


Marereni
20 Februari 2025

Shemeji,

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya magunia, saa ya uji. Msimamizi wetu aliona uso wangu akauliza kama nimepata msiba. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani amekufa. Nikainamia kikombe changu.

Nilikoroga uji mpaka ukapoa, nikiitazama mikono yangu kama mtu aliyeiazima.

Osire yuko hai. Nimerudia mstari huo mpaka karatasi imelainika. Ngoja nikueleze kwa nini nilikupa pole, kwa maana sikuitunga.

Mwaka 2018, mwezi wa tano mwanzoni, nilikuja. Ndiyo, nilikuja. Nilipanda basi mpaka Busia, nikavuka kwenda upande wa Uganda, nikiwa na kitenge cha Mama na kilo mbili za sukari. Pale wanapouza mihogo barabarani nikamwona Mama. Alikuwa amekaa kando ya gunia lake, upande ule wa barabara. Kichwa kimenyolewa chote, kitambaa cheusi kiunoni. Wewe umeolewa kwetu, unajua mama hanyoi hivyo ila amezika mtoto wake. Na Mama alizaa saba, tukabaki wawili, mimi na Osire. Mimi nilikuwa nimesimama pale kwa miguu yangu. Basi aliyekufa alikuwa Osire. Hesabu ilikuwa rahisi.

Malori yalikuwa yamepanga foleni katikati yetu. Kijana mmoja wa baiskeli akaniambia, "Mzee, unavuka ama unahesabu magurudumu?" Wenzake wakacheka. Nikafikiria kuingia kwenye matanga ya ndugu yangu na kilo mbili za sukari, mimi mkubwa, niliyeuza baiskeli, nisiyeleta hata ng'ombe wa kuchinja. Nikageuka. Kitenge nilimwachia mama mmoja mchuuzi wa ndizi, sukari nikainywea chai huku chumvini.

Sasa naelewa kwamba nywele zile zilinyolewa kwa ajili yangu. Alikuwa ananililia mimi, na mimi nikamtazama na kumhurumia kwa ajili ya mwingine. Shemeji, jambo hili haliingii kichwani. Linabaki nje limesimama.

Ulitaka siri. Nilikuapia kwamba sitaisema, na nimeitunza mpaka leo. Mwaka 2013 ulipokuwa na mimba ya kwanza, damu ilianza kutoka na Osire alikuwa harusini Rubongi. Nilikubeba kwa baiskeli ya baba kukupeleka hospitali mjini. Tulipofika njia panda ya kwenda Malaba uliniambia nipinde. Ulisema hutaki hospitali, nikuvushe mpaka kwa mama yako Kenya, na hutarudi Paworo tena, kwa sababu umeolewa na gunia la mihogo. Nilikataa. Ulinitukana kwa Kiteso kutoka pale mpaka kwenye geti la hospitali. Mtoto hakupona, wewe ulipona. Ulipotoka uliniambia nikimwambia Osire habari ya gunia utanilaani. Sikumwambia.

Sasa nijibu na mimi. Njia gani hiyo isiyo na shaka? Nani aliiona maiti yangu? Mtu huyo nataka kumjua jina.

Rasto


Paworo
16 Machi 2025

Shemeji Rasto,

Nilipofika kwenye gunia la mihogo nilikaa chini jikoni, na sufuria ikaungua. Osire alikuja kuuliza harufu ya nini. Nikamwambia ni moshi wa macho. Jibu lisilo na maana, lakini yeye hulipokea lolote.

Uko hai. 

Hakuna aliyeona maiti yako. Hakuna aliyeleta habari. Nitakueleza ilivyokuwa, na wewe ni wa kwetu, utaelewa hata ukikasirika.

Machi mwaka 2018 nilijifungua msichana. Baada ya yule wa kwanza nilikuwa nimepoteza wengine wawili, kwa hiyo huyu alikuwa kila kitu. Hakunyonya. Siku ya kwanza tukasema amechoka. Siku ya pili alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Siku ya tatu hakulia tena. Mvua ilikuwa imekata daraja, pikipiki hazipiti. Mama akaita wanawake wa boma, wakafanya linalofanywa mtoto akikataa ziwa, kwamba anatafuta jina lake. Walianza kuita majina ya marehemu, mmoja mmoja, na kila jina mtoto anawekwa kifuani. Waliita babu yako. Wakaita baba yako, na Mama alikuwa na hakika atakuwa yeye, maana mtoto alikuwa na vidole vyake. Hapana. Wakaita shangazi zenu, wakaita hata yule mjomba wa Paya aliyekuwa mlevi, wakicheka kidogo ili wasilie. Hapana.

Ndipo jina lako likatajwa. Na mtoto akanyonya. Alivuta mpaka nikapiga kelele kwa maumivu.

Kwetu mtoto hachukui jina la mtu anayetembea. Ulikuwa umenyamaza miaka minne. Mama aliinuka, akatoka nje, na kilio alichokipiga kilisikika mpaka barabarani. Watu walikuja na majembe wakidhani ni moto. Mwezi uliofuata tukakuzika.

Anaitwa Nyafwono, ndilo Ofwono la kike. Ametimiza miaka saba, anapanda miti, na jino la mbele limeng'oka. Mama humwita mwanangu. Anampikia viazi ulivyovipenda wewe, humwambia achunge kichwa mlangoni kwa sababu wewe ulikuwa mrefu, na mtoto huinama kweli, yeye anayekipita kitasa kidogo tu.

Sasa nisikilize. Wazee wa hapa wanasema mwenye jina akirudi akalikuta kwa mwingine ndani ya boma moja, mmoja ataondoka. Mimi ni mwalimu. Nimefundisha sayansi ya darasa la tano, mapafu na moyo na damu. Lakini nimezika watatu. Sina mtoto mwingine na daktari amesema sitapata. Kila nikimwangalia amelala naona njia yako ya kurudi inapita juu yake.

Mama hajui kuhusu barua hizi. Osire hajui. Nakuomba kwa magoti yote mawili, usije. Nitakuandikia habari za nyumbani kila mwezi, nitakutumia picha ya Mama. Usipige simu pia. Simu ya nyumbani ni moja, na Mama angeitambua sauti yako hata ukikohoa.

Nisamehe.

Winfred


Marereni
2 Aprili 2025

Winfred,

Nimejaribu kuandika barua hii mara tatu na zote nimezichana kwa sababu zilikuwa na matusi. Hii ina kidogo.

Mmeniua kwa sababu mtoto amepata njaa akanyonya. Hakuna gazeti, hakuna polisi, hakuna mtu hata mmoja aliyevuka mpaka kuuliza kwa madereva, jamani, kuna mtu anaitwa Rasto huko chini? Kevo alikuwa tayari anakuja huku mwaka huo. Mngemuuliza tu. Wenzangu wa hapa, Wagiriama, nimewaeleza, na mmoja akaniuliza kama mshahara wa maiti hukatwa kodi. Wamecheka siku mbili. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya ghala nikakaa peke yangu mpaka kengele ya kazi.

Mtoto wako simwonei wivu. Kama jina langu lilimfungua kinywa, heri. Nimefanya kazi nyingi katika maisha haya na chache zimemfaa mtu.

Lakini kuna jambo unalizunguka. Umeandika jina lako likatajwa, kama vile lilijitaja lenyewe. Wanawake walikuwa wanaita marehemu. Mimi sikuwa marehemu. Midomo ni ya watu. Ni nani aliyelitaja jina la mtu aliye hai katika majina ya wafu? Kama ni Mama, niambie. Kama Mama mwenyewe ndiye aliyechoka nami akanitupa humo, nitabaki huku chumvini, na hutasikia habari zangu tena. Hilo tu ndilo linaloweza kunizuia. Uchawi wa wazee hauwezi.

Nina miaka arobaini na minne, na ukinitazama kwa nyuma naonekana wa sitini. Macho yanaona ukungu kwa sababu ya weupe huu. Ninachotaka si ardhi wala si kuwekwa kwenye kitabu. Nataka kukaa karibu na Mama aniambie nimekonda. Basi.

Kevo atashuka na lori tarehe 10 Mei. Nitapanda naye kurudi. Una mwezi mmoja wa kunijibu nani alisema.

Rasto


Paworo
27 Aprili 2025

Mwanangu Rasto,

Huyu ni mama yako. Mimi nasema kwa Dhopadhola na Winfred anaandika kwa Kiswahili, na nimemwambia asipunguze. Nitamfanya anisomee kila mstari, na Osire amekaa hapa kuhakikisha.

Yule Annet wa Busia ana mdomo. Alikuja Ijumaa kwa bodaboda kuniuliza kama ni kweli marehemu wangu anaandika barua kutoka pwani. Nilikuwa napepeta wimbi. Sikuanguka, kama wanavyosema watu. Nilikaa mwenyewe. Winfred alitoa barua kwenye debe la unga, zote, akazisoma mara mbili. Osire aliposikia habari ya gunia la mihogo alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha pikipiki ya mteja mpaka jioni. Wameshaelewana, au wataelewana.

Kijiji kizima kimejua. Nusu walikuja kunipa hongera na nusu walipita njia ya bondeni ili wasione boma letu. Ebong alikuja na kitabu. Anasema kurasa zimeshachapwa mjini, na kwamba kwa upande wa kamati ni rahisi zaidi wewe ubaki umekufa kuliko mchapaji kurudia kazi. Nimemwambia ana kalamu na ana vidole, akukate kwenye kila nakala, moja moja. Mia tatu. Ameanza. Na ile habari ya kengele nimemkumbusha, ameinama tu.

Jumamosi nilimwambia Osire afukue kaburi. Alikataa, akasema vitu hivyo havifukuliwi. Nikachukua jembe. Majirani walikimbia, hata wale waliokula nyama yako ya matanga. Mwanangu, hamna kitu humo. Udongo tu, na vifungo vinne vya shati. Nilivishika mkononi nikajiuliza, ndivyo hivi nilivyovililia miaka saba?

Sasa swali lako. Nani alilitaja jina. Sikuwa mimi. Nilikuwa nimeita majina ya marehemu wote niliowazika, na lako sikuligusa. Aliyelitaja ni huyu anayeandika. Mkono wake umesimama. Nimemwambia, andika. Ameandika.

Lakini hakukutaja kama anavyotajwa mfu. Nilikuwa karibu, nilisikia, na mpaka leo sijamwambia mtu. Alikuwa amemshika mtoto, macho yamepotea, akasema, "Ofwono angekuwepo angetupeleka hospitali." Alikuwa anaita baiskeli, hakuwa anaita roho. Wanawake wengine walisikia jina peke yake, na mtoto akavuta ziwa wakati huo huo, na wakaangua kilio. Mimi nilijua. Ningeweza kusema, nyamazeni, huyu anamtamani mtu aliye mbali. Sikusema. Nikatoka nje nikalia kuliko wao wote.

Utaniuliza kwa nini. Miaka minne nilikuwa nakwenda Busia na mihogo ambayo ningeweza kuiuza hapa kanisani. Nilikwenda kutazama nyuso zinazoshuka kwenye mabasi. Kila mtu mrefu alikuwa wewe mpaka alipogeuka. Nilichoka, Rasto. Mtu aliyezikwa hangojewi. Nilikuzika ili nipate usingizi, na nikaupata, na sasa najua ulikuwa upande ule wa barabara na kitenge changu mkononi, siku nilipokuwa nimeacha kutazama mabasi. Ungeniita tu. Lori si mto.

Hayo nimeyasema. Kuhusu mtoto. Jina ni lake, hatumnyang'anyi. Kama ni kweli kwamba mmoja lazima aondoke, sijui, mimi si Mungu. Lakini nimekwenda kwenye lile shimo nikawaambia walio chini kwamba wakitaka mtu wa boma hili waniangalie mimi, nina miaka sabini na sita na nimeshiba. Nimewaambia kwa sauti, mchana, na Ebong ni shahidi. Msichana wa miaka saba hana deni nao.

Ukifika usiingie kwa kujificha. Pita barabara kuu, mchana, mbele ya kanisa, watu wakuone unavyotembea. Najua utakuwa umekonda.

Mama yako


Chini ya barua ya Mama naandika yangu, na hii hakuna aliyeniambia niandike.

Shemeji, siku ile ningeweza kusema nilichokuwa namaanisha. Mtoto alikuwa ananyonya. Nilifikiri, nikifungua mdomo ataacha. Nikanyamaza wakati wa kilio, nikanyamaza wakati wa kuchimba, na kwenye kitabu nikakuandika nambari ya nne kwa mwandiko wangu mzuri. Kila Pasaka niliondoa majani kwenye kaburi lako mimi mwenyewe, mtu mwingine nisimruhusu. Nilidhani kujua kwangu peke yangu kulikuwa adhabu yangu. Sikujua kwamba Mama naye alikuwa anajua, na tumekaa jiko moja miaka saba, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Jana Nyafwono aliniuliza kama wewe ndiye yule mrefu. Nikasema ndiyo. Akauliza utalala wapi, nikasema sijui, na akaenda kwenye kitanda anacholala na Mama, akasogeza vitu vyake akavipanga upande mmoja tu, karibu na ukuta.

Nilimtazama anavyovipanga na bado naogopa. Sitakudanganya kwamba nimeacha kuogopa.

Njoo.

Winfred